Munganga, usitufokee, mgonjwa, usifiche: juu ya mafuta ya CBD na bangi ya dawa

Maneno haya tuliyasema kwa jina la kamati ya afya kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu walioomba kujua kwa nini tumebadilisha kanuni ya sanduku nyekundu.



Leo hatukuja kusema juu ya michango iliyochelewa, ingawa iko mingi. Tumekuja kusema juu ya chupa moja ndogo. Wengi wenu mnajua habari yake nusu nusu, na kila mtu ameongeza kipande chake. Tuiseme nzima. Mama wa mtoto ametupa ruhusa, ila jina lake tusilitaje.

Mtoto ana miaka saba, kilo kama 20. Ameshikwa na kifafa tangu akiwa na miaka mitatu. Alikuwa anakunywa fenobarbitali kila jioni, ile ambayo wengi wetu tunaiita Gardenal. Zamani alikuwa anaanguka karibu kila siku mbili. Kwa dawa hiyo akafika kuanguka mara moja au mbili kwa mwezi. Haikuwa amepona, lakini alikuwa ameanza masomo.

Dada wa mama huyu tulikaa naye kambini Nyarugusu. Sisi tulirudi, yeye akapata nafasi ya kwenda Marekani. Kule aliona mafuta ya CBD yanauzwa dukani, akasikia kwamba yanatibu kifafa, akanunua chupa moja kwa dola 60. Alifanya kwa upendo. Chupa ilifika Kigoma na msafiri. Kutoka Kigoma ilivuka ziwa ndani ya mzigo wa mwanachama wetu aliyekuwa amekwenda kwa kazi ya chama. Ndiyo, wandugu. Ile chupa ilipita mikononi mwetu, na hatukuuliza hata neno moja.

Mama hakuwa mjinga. Jambo la kwanza alilofanya ni kuipeleka chupa hospitali ili aulize. Munganga aliyemkuta aliona mchoro wa jani kwenye karatasi ya chupa, akafoka mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni: «Munapatia mutoto bangi? Munataka kumuua? Toka na hiyo kitu hapa!» Ndiyo jibu lote alilopata.

Mama akarudi nyumbani. Alituambia baadaye: «Niliona haya, nikaogopa ataita polisi. Lakini dada yangu alisema kule ni dawa ya kuuza mu duka. Nikasema, huyu munganga hajui tu.» Basi akaanza kumpa mtoto matone kwa siri, asubuhi na jioni. Tena akaacha fenobarbitali, kwa sababu dada alimwambia kwenye simu kwamba dawa za hospitali zinaharibu akili ya mtoto.

Siku ya sita, usiku, mtoto alianguka na hakuamka. Degedege moja ilifuata nyingine. Walimfunga mgongoni, wakapanda pikipiki, wakafika hospitali ile ile. Nesi wa zamu aliuliza: «Mtoto anakunywa dawa gani?» Mama akajibu: «Gardenal tu.» Hakusema kwamba ameiacha. Hakusema juu ya matone. Waganga walihangaika mpaka asubuhi wakitafuta malaria ya kichwa, wakitafuta homa ya uti wa mgongo. Ni mchana wa siku iliyofuata ndipo mama alimnong'oneza mama mzee mmoja wa chama chetu, na wakaenda pamoja kusema ukweli.

Mtoto yuko. Anacheza. Mkono wake wa kushoto bado ni mzito.

Hatukusimama hapa kumhukumu mama. Tulipoketi kuhesabu makosa, tuliona la kwetu la kubeba kitu tusichokijua, la munganga la kufoka badala ya kuuliza, la dada la kushauri kuacha dawa kwa simu, na la mama la kuficha. Lakini kosa la mama lilizaliwa na la munganga. Ndiyo maana leo tunataka kufahamu: waganga wanaona namna gani jambo hili, na kwa nini?

Kwanza tujue kitu chenyewe. Mmea wa bangi una vitu vingi ndani yake, lakini viwili ndivyo vinavyotajwa sana. Kimoja ni THC: hicho ndicho kinacholewesha, ndicho vijana wanachotafuta wanapovuta. Kingine ni CBD: hicho hakileweshi. Unaweza kutoa CBD kwenye mmea na kuacha THC, kama mtu anayekamua mafuta ya mise na kuacha makapi. Kwa hiyo munganga aliyesema «ni bangi» hakusema sawa kabisa, na dada aliyesema «haina uhusiano na bangi» naye hakusema sawa.

Je, CBD ni dawa ya kifafa? Tuseme kweli: iko dawa ya namna hiyo. Mwezi wa sita 2018 serikali ya Marekani iliruhusu dawa iitwayo Epidiolex, ambayo ni CBD iliyosafishwa. Iliruhusiwa kwa kifafa kikali cha aina mbili, Dravet na Lennox-Gastaut, na mwaka 2020 ikaongezwa kwa kifafa kinacholetwa na ugonjwa mwingine wa kuzaliwa nao. Hizi ni aina adimu. Katika jaribio moja lililotangazwa mwaka 2017, walichukua watoto na vijana 120 wenye Dravet. Kwa wale waliopewa CBD, kuanguka kulishuka kutoka kama mara 12 kwa mwezi hadi kama 6. Kwa wale waliopewa kitu kinachofanana na dawa bila CBD ndani, kulibaki karibu pale pale, mara 14 hivi. Hiyo ni faida ya kweli. Lakini sikilizeni vizuri: watoto wale hawakuachishwa dawa zao za zamani. CBD iliongezwa juu yake. Na kati ya kila watoto 100 waliopewa, ni kama 5 tu walioacha kuanguka kabisa.

Sasa tupige hesabu ya chupa yetu. Dawa ile ya hospitali hupimwa kwa kilo za mtoto: inaanza na miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku, kisha inapanda hadi 10, mara nyingine hadi 20. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 200 kwa siku kufika kwenye kiasi cha kawaida. Chupa ya dada, nzima, ilikuwa imeandikwa miligramu 300. Ingekwisha kwa siku moja na nusu. Mama alikuwa anampa matone kidogo asubuhi na jioni, yaani miligramu 10 kwa siku. Mara 20 chini ya kiasi kile. Kwa maneno mengine, mama aliondoa dawa iliyokuwa inafanya kazi akaweka mahali pake karibu bure. Si matone yaliyomwangusha mtoto. Ni kuachwa kwa Gardenal. Dawa hiyo ukiikata ghafla, degedege zinarudi kwa hasira, na zinaweza kuua. Hili kila mwanachama mwenye mgonjwa wa kifafa alishike kichwani kuliko yote tutakayosema leo.

Tena, nani anajua kama ndani ya chupa mlikuwa na miligramu 300 kweli? Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD kwenye intaneti wakazipima. Ni 26 tu ambazo karatasi yake ilisema ukweli. Nyingine zilikuwa na CBD zaidi, nyingine pungufu. Na 18 zilikutwa na THC, ile inayolewesha, ndani ya mafuta ambayo mzazi anaweza kumpa mtoto. Kule Marekani mwisho wa mwaka 2018 sheria ilifungua njia kwa mmea wa bangi wenye THC isiyozidi asilimia 0.3, ndiyo sababu mafuta haya yamejaa madukani. Kuuzwa dukani si kusema kwamba munganga ameyapima.

Sasa tuje kwa waganga wenyewe. Msifikiri kwamba waganga wa Ulaya na Marekani wote ni wa neno moja. Wamegawanyika. Mwaka 2013 gazeti moja kubwa la waganga la Marekani, New England Journal of Medicine, liliwaandikia wasomaji habari ya mama mwenye kansa ya titi iliyosambaa, mwenye maumivu na kichefuchefu, likauliza: mngemkubalia bangi ya dawa? Walijibu watu 1,446 kutoka nchi 72, na asilimia 76 wakasema ndiyo. Lakini katika utafiti uliotangazwa mwaka huo huo, waganga wa familia 520 wa jimbo la Colorado waliulizwa kama waganga wanapaswa kuipendekeza, na asilimia 19 tu wakasema ndiyo. Na Colorado ni mahali ambapo bangi ya dawa ilikuwa imeruhusiwa kwa miaka! Wengi wao walikuwa wanaona hatari yake ya kuharibu akili za watu.

Hesabu iliyotugusa sana ni ya mwaka 2018. Waliwauliza waganga wa kansa 237 wa Marekani. Asilimia 80 walisema wamezungumza na wagonjwa juu ya bangi ya dawa. Asilimia 46 walisema wamewahi kuipendekeza. Lakini waliosema wanajua vya kutosha ili wapendekeze walikuwa asilimia 30 tu. Mnaona? Hata kule kwenye vitabu vingi na mashine nyingi, munganga anazungumza jambo ambalo yeye mwenyewe anakiri halijui vizuri. Hakufundishwa shuleni. Mara nyingi mgonjwa ndiye anayelileta mezani.

Na wako waliobadilika. Sanjay Gupta, munganga wa upasuaji wa ubongo anayejulikana sana kwenye televisheni ya Marekani, alikuwa anaipinga bangi ya dawa. Mwaka 2013 alitangaza mbele ya watu kwamba amegeuza mawazo, na akaonyesha habari ya mtoto wa Colorado, Charlotte Figi, aliyekuwa na Dravet na akapata nafuu kwa mafuta yenye CBD nyingi. Kutoka hapo ndipo wazazi wengi walianza kutafuta mafuta haya, na habari ikatembea mpaka ikamfikia dada yetu. Lakini habari ikitembea sana inapoteza viatu njiani. Ilipofika kwetu, neno «aina adimu» lilikuwa limeanguka, neno «pamoja na dawa nyingine» limeanguka, likabaki moja tu: «inaponyesha kifafa.»

Waganga wanaoogopa wana sababu zao, na ni haki tuziseme. Ya kwanza ni sheria. Hapa kwetu Kongo bangi ni marufuku. Kule Tanzania, tulikopitisha chupa, ni kosa kubwa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 2015, na askari wa mpakani hana mashine ya kumwonyesha hii ni CBD au ni THC. Rwanda mwaka 2020 ilikubali watu walime bangi ya dawa, lakini ni ya kuuza nje. Kuivuta nyumbani bado ni kosa. Umoja wa Mataifa, tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka 2020, uliitoa bangi kwenye orodha ya vitu vibaya kabisa visivyokuwa na faida ya dawa, kwa kura 27 dhidi ya 25. Kura mbili tu. Na hata baada ya hapo imebaki chini ya ulinzi mkali. Hata Marekani, munganga haandiki bangi kama anavyoandika amoksilini. Anatoa karatasi ya kupendekeza tu, kwa sababu sheria ya taifa zima bado inaizuia.

Sababu ya pili ni madhara. CBD inaweza kuleta usingizi, kuharisha, kukosa hamu ya kula, na kusumbua ini, zaidi sana mtu akiwa anakunywa valproati. Inapandisha nguvu ya klobazamu mwilini. Inagombana na warfarini, dawa ya damu. Na bangi yenye THC ndiyo zaidi: kwa vijana inaongeza hatari ya kuchanganyikiwa akili, na kwa mama mwenye mimba haifai kabisa.

Sababu ya tatu hawaisemi, lakini tunaiona. Munganga wetu anaona wagonjwa wengi kwa siku moja, peke yake na nesi wawili, na wengi wanafika wakiwa wamekwisha kunywa majani, maji ya maombi na vidonge vya sokoni. Amechoka kusikia. Anapoona jani kwenye chupa, uchovu wote unatoka mdomoni. Tunamfahamu. Lakini mgonjwa aliyefokewa leo, kesho atanyamaza. Na mgonjwa aliyenyamaza ni sawa na barabara ya usiku bila taa.

Iko njia nyingine, na tumeiona kwa macho. Papa mmoja wa chama chetu, marehemu sasa, alikuwa na kansa ya tezi iliyofika kwenye mifupa. Usiku alikuwa anachemsha majani ya bangi na kunywa ili apate kulala. Alipokwenda hospitali nyingine, munganga kijana alisikia harufu. Hakufoka. Alifunga mlango, akakaa kwenye kiti, akauliza: «Papa, unatumia nini? Tangu lini? Inakusaidia wapi, na haikusaidii wapi?» Papa akasema yote. Munganga akamweleza kwamba iko ushahidi kuwa bangi inapunguza maumivu ya muda mrefu kwa watu wengine wazima, ila kidogo, na kwamba hapa sheria hairuhusu. Na kwamba yeye ana dawa ya nguvu kuliko hiyo. Alipigana wiki mbili mpaka akapata morfini ya kunywa. Papa aliacha majani mwenyewe, bila kulazimishwa, kwa sababu usiku alikuwa analala. Alikufa akiwa na amani, na wake zake na watoto wanakumbuka jina la yule munganga mpaka leo.

Tunaporudi kwa neno «munganga»: tulipokuwa Tanzania, ukisema «mganga» watu walifikiri ni yule wa mizizi na tunguri. Hapa munganga ni wa hospitali. Tumecheka sana juu ya hilo. Lakini mgonjwa anawaendea wote wawili kwa sababu moja: anataka mtu wa kumsikiliza. Yule wa mizizi anasikiliza. Wa hospitali naye asikilize, maana yeye ndiye mwenye dawa.

Basi, kamati imekata shauri hivi, na mkutano umekubali.

Moja: sanduku nyekundu halitalipa mafuta ya CBD. Litalipa dawa ya kifafa kwa kila mgonjwa wa nyumba za wanachama, na pikipiki ya kwenda kuichukua, ili mtu asikose hata siku moja. Shirika la Afya Duniani linasema dawa ya kifafa inaweza kugharimu hata dola 5 tu kwa mtu kwa mwaka, na kwamba mpaka wagonjwa 70 kwa kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Hapa kwetu bei inapanda kwa sababu ya njia. Lakini hata ikipanda mara mbili, dola 60 za ile chupa zingetosha watu sita mwaka mzima. Ndugu wafadhili, hesabu hii tumeifanya kwa ajili yenu pia.

Mbili: hakuna mwanachama atakayebeba dawa ya mwingine kuvuka ziwa bila kamati kuiona na kumuuliza munganga. Sisi ndio tulioanza kukosa, sisi ndio tunaanza kujifunga.

Tatu: mwenye chupa nyumbani asiogope. Asiitupe, asiifiche. Ailete pamoja na karatasi yake, na mtu wa kamati atamsindikiza mpaka kwa munganga, ili akifokewa asifokewe peke yake. Na kama Gardenal inamfanya mtoto asinzie au awe mkali, hilo si uongo, linatokea. Lakini lipelekwe kwa munganga apunguze au abadilishe polepole. Usiikate mwenyewe.

Nne: tutawaandikia ndugu zetu walio Marekani, Kanada na Ulaya. Tutawashukuru kwanza, maana bila wao wengine wetu tusingejenga. Kisha tutawaomba: mkiwa na dola 60 kwa ajili ya mgonjwa, zitumeni kama dola 60.

Kwenu waganga tunaomba maswali matatu tu, yale ya munganga kijana: Unatumia nini? Tangu lini? Inakusaidia wapi? Mkisha kusikia, mseme hapana kama ni hapana. Hatuwaombi mkubali bangi. Tunawaomba mkubali kusikia. Mama yule alikuja kwenu na chupa mkononi kabla ya tone la kwanza. Angepata dakika tano, mkono wa mtoto ungekuwa mwepesi leo.

Yule mama yuko hapa, amekaa kwenye benchi ya nyuma. Tangu mwezi uliopita ndiye anayepita nyumba kwa nyumba kuuliza kama dawa ya kifafa imekwisha. Hakuna aliyemtuma. Anajua njia.